Daftari moja, maandishi matatu: uanze kusoma Kitatari kwa herufi zipi?

Neno daftari tunalo sisi, na Watatari wa Kazan, nchini Urusi, wanalo pia. Wao hutamka däftär. Katika duka la vifaa vya shule mjini Kazan utalikuta limeandikwa дәфтәр. Mtatari aliyezaliwa Helsinki atakuandikia däftär. Ukifungua kitabu kilichopigwa chapa Kazan kabla ya mapinduzi ya 1917 utaliona limekaa دفتر, sawasawa na ambavyo mtunzi wa tenzi wa Lamu au Pate angeliandika. Neno ni hilo hilo, lugha ni hiyo hiyo, maandishi ni matatu.

Anayetaka kujifunza Kitatari hukwama hapo hapo mlangoni, kabla hajajua hata kusalimia. Atakayemuuliza mwalimu wa Kazan ataambiwa aanze na herufi za Kirusi. Aliyewahi kusoma Kituruki atashauriwa ashike Kilatini, maana nusu ya njia ameshaitembea. Na aliyehitimu chuo cha Kurani atajiuliza kwa nini asianzie pale alipo. Wote watatu wana sababu za haki, ndiyo maana nimeona niziweke njia zote pamoja na kuzipima kwa kipimo kimoja.

Kwanza, tunazungumzia Watatari gani

Watatari ni kabila la pili kwa wingi nchini Urusi, baada ya Warusi wenyewe. Sensa ya 2010 iliwahesabu milioni 5.3, ya 2021 ikawahesabu milioni 4.7. Nyumbani kwao hasa ni Jamhuri ya Tatarstan, kando ya mto Volga ambao wao huuita İdel, na mji mkuu ni Kazan. Hata hivyo, wengi wao wanaishi nje ya jamhuri hiyo. Lugha yao ni ndugu wa Kituruki, Kikazaki na Kiuzbeki, na pacha wake wa karibu kabisa ni Kibashkiri.

Watatari wa Krimea, waliohamishwa kwa nguvu na serikali ya Stalin mwezi Mei 1944, ni watu wengine na lugha yao ni nyingine. Jina linafanana, lakini ushauri wa makala hii hauwahusu.

Maandishi matatu yalitoka wapi

Mwaka 922 mtawala wa Wabulgari wa Volga, wanaohesabiwa kuwa mababu wa Watatari, alipokea ujumbe kutoka Baghdad, na katika msafara huo alikuwamo Ibn Fadlan aliyeandika habari za safari ile. Uislamu ukashika mizizi, na herufi za Kiarabu zikaja nao. Zilidumu karibu miaka elfu. Mwaka 1920 tahajia yake ikarekebishwa, mwaka 1927 zikawekwa kando kabisa na badala yake ikaja alfabeti ya Kilatini iitwayo Yañalif, maana yake "alifu mpya". Mwaka 1939 nayo ikaondolewa, na Kitatari kikaanza kuandikwa kwa Kisirili, yaani herufi zinazotumiwa na Warusi.

Sisi nasi tulihama, kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kirumi, lakini tulihama polepole, vizazi kwa vizazi, na mzee wa pwani aliendelea kuandika barua zake kwa mkono aliouzoea. Watatari walihamishwa mara mbili ndani ya miaka 12. Mtu aliyesoma na kuandika vizuri mwaka 1926 alijikuta mwaka 1940 hawezi kusoma gazeti la lugha yake mwenyewe, isipokuwa amekaa darasani mara mbili na kuanza tena alifu kwa kijiti.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mshairi Musa Cälil. Alizaliwa mwaka 1906 na kusoma katika madrasa ya Xösäyeniä mjini Orenburg, hivyo mkono wake wa kwanza ulikuwa wa Kiarabu. Kazi yake ya uandishi aliifanya sehemu kubwa katika miaka ya Yañalif. Vita vilipokuja alitekwa na Wajerumani mwaka 1942, akajiunga na mtandao wa siri wa upinzani miongoni mwa mateka wenzake, akakamatwa, na tarehe 25 Agosti 1944 akauawa katika gereza la Plötzensee, Berlin. Akiwa kizuizini aliandika mashairi katika vidaftari vidogo vya kuenea kiganjani, na viwili vikanusurika. Kimoja ameandika kwa herufi za Kiarabu. Cha pili, kilichohifadhiwa na mfungwa mwenzake, Mbelgiji André Timmermans, ameandika kwa Kilatini. Vilipofika Kazan vikachapwa kwa Kisirili, na kwa Kitatari huitwa *Моабит дәфтәрләре*, Madaftari ya Moabit, kwa jina la gereza la Berlin alimofungwa. Ni mtu mmoja na kifungo kimoja, ila msomaji wake anahitaji macho ya aina tatu.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza maswali yale yale. Ina nini cha kusoma? Inabeba sauti za Kitatari kwa uaminifu kiasi gani? Inamlemea vipi msomaji wa Kiswahili? Vifaa vya kujifunzia vipo? Na mwisho, inamfaa nani?

Kwenye sauti nina majaribio mawili. La kwanza ni maneno manne: *oç* (ncha), *öç* (tatu), *uç* (kiganja) na *üç* (kisasi). Ç ni "ch" yetu. Vinavyobadilika ni irabu tu, na maana inakwenda mbali. La pili ni konsonanti za kooni: Kitatari kina q kama qafu ya Kiarabu mbali na k, na kina ğ ambayo ni "gh" ya ghali, mbali na g. Maandishi yanayobeba sauti vizuri lazima yafaulu yote mawili.

Haya hapa maneno ambayo hutahitaji kutafsiriwa, ili macho yaanze kuzoea:

| Kiswahili | Kisirili | Kilatini | Kiarabu cha zamani |
|---|---|---|---|
| daftari | дәфтәр | däftär | دفتر |
| kalamu | каләм | qäläm | قلم |
| kitabu | китап | kitap | كتاب |
| wakati | вакыт | waqıt | وقت |
| saa | сәгать | säğät | ساعت |
| herufi | хәреф | xäref | حرف |
| dunia | дөнья | dönya | دنيا |

Njia ya Kisirili

*Cha kusoma.* Karibu kila kilichochapwa kwa Kitatari tangu 1939: vitabu vya shule, gazeti la *Vatanım Tatarstan*, mabango ya barabarani, matangazo ya michezo ya kuigiza, ujumbe wa simu kati ya mama na mwanawe. Hata waandishi wa zamani wamechapwa upya kwa herufi hizi. Ğabdulla Tuqay, mshairi wao mpendwa aliyefariki mwaka 1913 akiwa bado hajatimiza miaka 27, hakuwahi kuandika shairi la Kitatari kwa Kisirili, lakini watoto wa leo wanamjua kwa Kisirili tu.

*Sauti.* Alfabeti ina herufi 39: zile 33 za Kirusi na sita za nyongeza, ә, ө, ү, җ, ң, һ. Jaribio la kwanza inalifaulu bila shida: оч, өч, уч, үч, kila neno na sura yake. La pili inaanguka. Herufi к inabeba k na q pamoja, г inabeba g na ğ, в inabeba v na w, na msomaji anaamua kwa kuangalia majirani. Tazama сәгать. Ile а baada ya г imewekwa kukuambia kwamba г hii ni ğ, kisha ь ya mwisho inakuambia kwamba а yenyewe usiisome a bali ä. Herufi mbili zinafanya kazi ya kusahihisha herufi ya tatu. Maneno yenye asili ya Kiarabu, yale ambayo Mswahili angeyatambua haraka, ndiyo yaliyojificha zaidi kwa namna hii.

*Mzigo.* Herufi zinazokuhadaa ni chache: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, Х ni kh. Wiki mbili za kusoma majina ya maduka na vituo zinatosha kuziua hila zao. Zawadi utakayoipata ni ң, ambayo ni ng' ya ng'ombe hasa. Wageni wengi huihangaikia, sisi tunayo tangu utotoni. Kazi halisi ipo kwenye ө na ү, irabu za mbele zinazotamkwa kwa midomo ya mviringo, ambazo Kiswahili hakina. Lakini hizo zitakusumbua kwa maandishi yoyote utakayochagua.

*Vifaa.* Hakuna njia yenye vifaa vingi zaidi. Kamusi zipo, kibodi ya simu ipo, na Google iliongeza Kitatari kwenye huduma yake ya tafsiri mwezi Februari 2020, katika awamu moja na Kinyarwanda. Kuna jambo moja la kujua mapema: vitabu vingi vya kujifunzia vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayejua Kirusi. Usipokijua utakuwa unapanda ngazi mbili kwa wakati mmoja.

*Inamfaa nani.* Anayeishi Tatarstan au anayekwenda huko, na anayetaka kuongea na watu walio hai. Hapo sioni njia ya mkato. Na tangu mwaka 2017, Kitatari kilipofanywa somo la hiari katika shule za Tatarstan, mgeni anayeweza kusoma gazeti lao analipa lugha hiyo heshima ambayo wenyeji wanaihisi.

Njia ya Kilatini

*Cha kusoma.* Kuna tabaka mbili na hazifanani. La kwanza ni Yañalif ya 1927 hadi 1939, yenye vitabu, magazeti na vidaftari kama kile cha pili cha Cälil. La pili ni Kilatini cha leo. Mwaka 1999 Tatarstan ilitunga sheria ya kurudisha Kilatini. Mwaka 2002 sheria ya shirikisho ikaamuru lugha rasmi za jamhuri zote ziandikwe kwa Kisirili, na Novemba 2004 Mahakama ya Katiba ya Urusi ikaithibitisha. Mwaka 2012 Tatarstan ikapitisha sheria nyingine inayomruhusu raia kuiandikia serikali kwa Kilatini au kwa Kiarabu, huku herufi rasmi zikibaki zile zile za Kisirili. Kwa hiyo Kilatini kinaishi mtandaoni, katika kurasa za Wikipedia ya Kitatari inayotumia maandishi yote mawili, na ughaibuni. Jamii ya Watatari wa Ufini, mamia kadhaa tu ya watu waliotokana na wafanyabiashara wa vijiji vya eneo la Nizhny Novgorod, imelea lugha yake kwa Kilatini kizazi baada ya kizazi. Ni jambo la kutia moyo sana, lakini kwa wingi wa maandishi kisima hiki si kirefu.

*Sauti.* Hapa Kilatini kinazishinda njia nyingine waziwazi. Irabu zote zina herufi zake, na q, ğ, w na ñ zimesimama kila moja peke yake. Ukiona *säğät* unasoma *säğät*. Kwa kujifunza matamshi na sarufi sijaona kinachokisogelea. Ule upatano wa irabu, yaani irabu za kiambishi kufuata zile za neno, ambao ndio moyo wa lugha hii, unaonekana kwa macho: kitabu *kitap*, vitabu *kitaplar*, lakini daftari *däftär*, madaftari *däftärlär*, na kalamu nyingi ni *qälämnär*.

*Mzigo.* Mwepesi, mradi ukumbuke mambo matatu. C ni j yetu, kwa hiyo *cawap* ni "jawap", jawabu. X ni kh: *xat*, barua, ni binamu wa hati. Na la tatu linamhusu aliyetoka kwenye Kituruki. Irabu za Kitatari zilihama mahali pake karne nyingi zilizopita, na maneno mengine yakabadilishana viti. Kwa Kituruki *üç* ni tatu na *öç* ni kisasi. Kwa Kitatari ni kinyume chake kabisa. Sura inayofanana ya herufi itamfanya mwanafunzi wa Kituruki asome haraka na akosee kwa kujiamini, jambo ambalo Kisirili kingemwepusha nalo kwa ugeni wake tu.

*Vifaa.* Vimetawanyika, na tahajia haijatulia. Mmoja anaandika ä, mwingine ə. Mmoja ñ, mwingine ŋ. Ukirudi kwenye Yañalif mambo yanageuka tena: huko c ilisomwa ch na ç ikasomwa j, kinyume cha leo, na sauti ya ı iliandikwa kwa alama ь.

*Inamfaa nani.* Anayejifunza akiwa mbali, anayetaka kuelewa jinsi lugha inavyofanya kazi kabla ya kuhangaika na sura za herufi, mwanaisimu, na mwenye ndugu au marafiki katika jamii za ughaibuni.

Njia ya Kiarabu

*Cha kusoma.* Urithi mkubwa kuliko wote kwa umri. Kuna mawe ya makaburi ya karne ya 13 na ya 14 katika magofu ya Bolğar, mji wa kale wa Wabulgari wale, mahali palipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014. Kuna mashairi, barua na vitabu vya dini. Kuna vitabu vya chapa vya Kazan, ambako mitambo ya kupigia chapa herufi za Kiarabu ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1800 na mwaka 1803 ikatoa msahafu uliosambaa mbali. Kuna kazi za mwanazuoni Şihabetdin Märcani, aliyefariki 1889, na magazeti yaliyochipuka baada ya 1905. Kuna şamail, sanaa yao ya kuandika aya kwenye kioo kwa rangi na kuitundika sebuleni. Mimi nikiitazama şamail hujiona niko nyumbani, maana kuta za bibi zetu zilikuwa na ndugu zake.

*Sauti.* Tahajia ya zamani, wanayoiita *iske imlâ*, inafaulu jaribio la pili kwa urahisi: qafu ni qafu, ghaini ni ghaini. Jaribio la kwanza inashindwa vibaya. Wau moja inabeba o, ö, u, ü na w. Ncha, tatu, kiganja na kisasi, yote manne yanaweza kusimama katika sura ile ile ya اوچ, na maana inatoka kwenye sentensi. Wasomaji wa tenzi kwa mwandiko wa Kiarabu wanaijua taabu hii vizuri. Mageuzi ya 1920, *yaña imlâ*, yaliongeza alama za irabu na kuondoa herufi za sauti ambazo Mtatari hatamki. Yalikuwa marekebisho ya busara, na yaliishi miaka saba tu.

*Mzigo.* Hapa ndipo wasomaji wa Kiswahili tunapogawanyika. Aliyepita chuoni ana herufi tayari. Akijifunza پ, چ, گ na ڭ karibu amemaliza, na maneno ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa tahajia yake ya asili atayatambua papo hapo: كتاب ataijua mara moja, wakati китап ingemchukua muda. Kwa asiyejua Kiarabu mlima ni mrefu. Na wote wawili wafahamu kwamba lugha ya vitabu vya zamani si ile inayosemwa sokoni. Imejaa Kiajemi na Kiarabu, na viambishi vingine ni vya lugha ya kifasihi iliyotumiwa na Waturuki wa nchi nyingi. Unaweza kusoma ukurasa mzima wa mwaka 1850 na bado ukashindwa kuomba maji Kazan.

*Vifaa.* Vichache. Ni eneo la wataalamu, maktaba za miswada na wanafunzi wa dini.

*Inamfaa nani.* Mtafiti wa historia ya Uislamu, mpenzi wa miswada, na mhitimu wa madrasa anayetaka kuona jinsi elimu ile ile aliyoipata yeye ilivyozaa matunda mengine kwenye theluji za Volga.

Kulingana na hali yako

Umepata nafasi ya kusoma katika chuo cha Kazan, kama Waafrika Mashariki kadhaa wanavyopata: utalazimika kujua Kirusi hata hivyo. Jifunze Kisirili mara moja, na zile herufi sita za nyongeza ziandike kwenye karatasi ubandike ukutani tangu wiki ya kwanza. Ukizizoea, kila bango la lugha mbili mjini litakuwa somo la bure, na metro, inayotangaza vituo kwa Kitatari pia, itakuwa mwalimu wa matamshi.

Uko Mombasa, Muscat au Toronto, huna mpango wa kusafiri, na unavutiwa na lugha yenyewe: anza na Kilatini kwa miezi miwili mitatu mpaka upatano wa irabu ukukae masikioni, kisha vuka kwenda Kisirili. Usibaki Kilatini milele, utaishiwa vya kusoma.

Unakijua Kituruki: mimi ningekushauri ukiruke Kilatini mwanzoni, hata kama kinakuita. Ugeni wa Kisirili utakulazimisha kutazama kila irabu, na tatu haitageuka kisasi mdomoni mwako.

Una elimu ya chuoni na muda mwingi, na unapenda mambo ya kale: shika *yaña imlâ* kwanza, maana irabu zake zinaonekana, halafu rudi nyuma kwenye *iske imlâ*. Uwe na kitabu cha Kisirili pembeni cha kukuonyesha neno linavyotamkwa leo.

Unafundisha watoto wa familia ya mchanganyiko, mzazi mmoja Mtatari na mwingine Mswahili: tumia herufi zile ambazo bibi yao wa Kitatari anaandikia barua. Katika nyingi ya familia hizo itakuwa Kisirili, Ufini itakuwa Kilatini. Mtoto ataanza na däftär, qäläm na kitap, na atadhani lugha zake mbili ni moja kwa siku chache.

Na ikiwa aliyekuleta ni Musa Cälil, chapa ya Kisirili inatosha kuyasoma mashairi yake yote ya kifungoni. Ukitaka kuusoma mkono wake mwenyewe, kidaftari cha kwanza kitakudai Kiarabu na cha pili Kilatini cha Yañalif. Pale wino ulipofifia, utarudi kwenye ile chapa ya Kisirili kuona neno lilikuwa lipi.